Taa ya Karatasi Isiyoogopa Upepo wa Ugweno

Asubuhi, ukungu bado umekumbatia kijiji cha Shighatini, kwenye milima ya Ugweno. Dorkasi Nathanaeli ameketi kibarazani, kisu mkononi, mianzi mapajani. Anachana fito nyembamba, anazipinda kuwa pete, kisha anazifunga kwa uzi, moja juu ya nyingine. Akishazibandika karatasi nyeupe kwa gundi ya unga wa muhogo, hupata taa nene kama boga. Akiibonyeza kwa viganja, hulala bapa kama sahani.

"Hii si akili yangu peke yangu," anasema. "Mbegu ilitoka Japani."

Mwaka 1971, Bwana Okuda, mtaalamu wa mpunga kutoka Japani, alilala kwao alipopanda milimani kutazama mifereji. Jioni alitundika taa ya karatasi mlangoni. Asubuhi aliikunja, akaitia mkobani. Dorkasi, msusi wa vikapu tangu usichana, akamwomba aikunjue tena. Aliitazama hadi chai ikapoa.

Alikuwa na sababu. Darasa la kisomo cha watu wazima lilikutana jioni kwenye banda lisilo na kuta, na upepo ulizima vibatari kila mara. Watu walirudi nyumbani herufi hazijakamilika ubaoni.

Taa yake ya kwanza iliwaka vizuri, kisha ikawaka yote. Ulimi wa kibatari uligusa karatasi, na jirani yake, Hedwiga, akaunguza pindo la kanga akiizima.

"Nilimwambia mke wangu, Mama Koleta, utatuchomea kijiji," anakumbuka Reginald, mume wa Dorkasi. "Sikutaka tena kuona karatasi humu ndani."

Dorkasi alirudi kwenye vikapu, lakini moyo haukutulia. Baada ya mavuno akatanua pete za katikati, akaacha mdomo wa juu wazi, na kibatari akakiketisha ndani ya kopo la maziwa. Akaipeleka bandani darasani, akamwomba Hedwiga aiwashe.

"Niliiwasha nikiwa nimesimama mbali, mkono umenyooka," anasema Hedwiga, akicheka. "Upepo ukavuma, taa ikayumba, moto ukatulia mahali pake. Jioni ile nilisoma jina langu mwenyewe."

Siku hizi darasa humaliza somo, na anayechana mianzi mara nyingi ni Reginald.

Mwezi ujao Dorkasi atashuka hadi Bendera, kule tambarare, kwa dada yake, Lea, kuwafundisha wanawake wa kijiji cha ujamaa. Mianzi kule ni adimu; kilichojaa ni mkonge. Anafikiria kutengeneza pete kwa kamba za mkonge, zikazwe kwa gundi.

"Sijui kama itakubali," anasema. "Lakini wao wanaujua mkonge, mimi naijua taa. Tukikaa pamoja, haitatushinda."