Rafu Zilizojaa Mbele

Kuna kazi moja dukani ambayo mteja hajui kwamba ni kazi. Jioni, watu wakishachukua chumvi, sabuni na nyanya za kopo, rafu hubaki na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Hapo mfanyakazi anapita, anavuta kila kitu mpaka ukingoni, lebo ikimtazama mnunuzi. Sisi tuliita kuvuta mbele. Mtu akiingia asubuhi anaona ukuta wa bidhaa, hata kama nyuma ya mstari wa kwanza hakuna kitu. Nilianza kazi hiyo mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni, nikaifanya mpaka akaingia chuo kikuu, na sioni haya kusema kwamba niliijua.

Duka letu lilikuwa moja kati ya maduka ya kampuni moja hapa Lubumbashi, upande wa kwenda Golf, mtaa wa matajiri. Wateja walikuwa wa aina mbili: wenye majumba ya Golf, na watu waliofanya kazi katika majumba hayo. Hao wa pili ndio waliotulisha. Walinunua unga wa mahindi, mafuta na samaki wa barafu kila walipotoka kazini, bila maneno mengi.

Kisha tukaletewa meneja mpya. Alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa, na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba unga unachafua sakafu. Unga ukaondolewa. Mahali pake tukapanga chakula cha mbwa, cha kopo na cha mfuko, kwa ajili ya wenye majumba. Katika mji huu, ambapo mtu hahesabu kwamba amekula mpaka ale bukari, yaani ugali, sisi tukawa duka lisilo na unga. Na mbwa wa Golf wenyewe, habari zao nazipata kwa wapishi wao, hula bukari iliyobaki mezani kama mbwa wengine wote. Yale makopo yalikaa pale mpaka yakashika vumbi, na sisi tukayafuta vumbi.

Ofisi kuu nayo ikaja na akili yake. Iliamua kwamba kila kitu kinunuliwe na ofisi moja ya mbali, ili mambo yawe na mpango. Kulikuwa na mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa akituletea mchele na maharagwe kwa malori yake mwenyewe. Akaambiwa asije tena. Alipita kuniaga, akasimama kwenye mlango wa nyuma akitikisa kichwa.

"Mama, nilikuwa nawaletea vitu mpaka hapa ku mlango," alisema. "Sasa bakubwa benu bamechagua kungojea."

Na kweli tukangojea. Malori ya ofisi ya mbali yalilala Kasumbalesa mpakani, na rafu zikaanza kuonyesha mbao zake. Ili kubana matumizi, meneja akaamuru jenereta izimwe tukishafunga. Umeme wa mji ukikatika usiku, asubuhi tunakuta friji zinatoa machozi na samaki wamelainika. Halafu tunaulizwa sisi kwa nini samaki wananuka.

Ndipo watu wakaanza kuondolewa. Meneja alikuwa na namna yake. Alimwita mtu ofisini, akampa sucré, ile soda ya baridi, akamfungulia mwenyewe kwa mkono wake, na mtu akiwa bado anameza anaambiwa kwamba kampuni inamshukuru. Ikawa lugha yetu. Hatukusema fulani amefukuzwa, tulisema amekunywa sucré. Walikunywa wasafishaji, wakanywa wapakiaji, wakanywa nusu ya wanawake wa kasha, waliopokea pesa. Sisi tuliobaki tulifagia, tukabeba, tukauza, na ukituuliza habari tunajibu ni nzuri. Nilichoka mpaka nikawa nalala kwenye basi nikiwa nimesimama.

Niliogopa, niseme wazi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kama baba yake. Reli ilipomwacha bado alikuwa na nguvu zake zote, na nilimwona akiendelea kuamka saa ya kazi, akivaa, akikaa sebuleni na kofia magotini mpaka jua lipande. Mama alimpitishia chai bila kumtazama. Sikutaka watoto wangu wanipitishie chai namna ile.

Siku moja meneja akatukusanya uani.

"Bapatron bataingia vendredi," alisema. "Bakikuta rayon iko vide, banafunga hii magasin. Bakikuta iko yote ya kuyala, tunabakia. Iko mu mikono yenu."

Maana yake, wakubwa wakikuta rafu tupu duka linafungwa, wakikuta zimejaa tunabaki. Tulimwamini. Tulichukua katoni tupu kutoka stoo, tukazipanga nyuma, na mbele yake tukasimamisha mstari mmoja wa kile kilichokuwepo. Siki tuliitandaza ukuta mzima. Biskuti tulizigawa, moja huku, moja kule, kama mama anayegawia wageni nyama kidogo. Mchinjaji wetu, mzee wa familia ya migodini aliyekuwa akijenga nyumba Kasungami na alikuwa bado hajafika kwenye bati, alikunja karatasi ya kijani chini ya nyama ili vipande vichache vionekane mlima. Tulicheka siku hiyo, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa muda mrefu. Duka lilipendeza. Nilisimama mlangoni nikalitazama, na mimi mwenyewe nikatamani kununua.

Ijumaa mgeni mmoja kutoka ofisi kuu alipita polepole, meneja pembeni yake. Alipofika kwangu aliniuliza kwa Kifaransa, kwa adabu, ninakosa nini katika kazi yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia: bwana, tunakosa bidhaa. Akatabasamu, akaonyesha kwa mkono ule ukuta wa siki. "Lakini naona kwa macho yangu, mama."

Niliinua mkono nivute chupa moja tu, aone katoni tupu. Mchinjaji alikuwa amesimama nyuma yangu, akanishika kiwiko.

"Mama, acha," alininong'oneza. "Utatuua bote."

Nilifikiri juu ya nyumba yake isiyo na bati, nikashusha mkono. Mgeni akaenda zake, amefurahi.

Wiki iliyofuata meneja alitukusanya tena uani, na alianza kwa kutusifu.

"Bapatron balipenda sana magasin. Balisema rayon yote iko ya kuyala. Njo sasa banauliza: kama bintu biko, juu ya nini habiuzwe? Balisema ni personnel njo iko mubaya. Banafunga."

Ilichukua muda neno hilo kutuingia: bidhaa zipo, haziuzwi, basi wafanyakazi ndio wabaya. Tulikuwa tumelijaza duka vizuri mno. Aliyekuwa anajua ukweli ni yeye, na angeusema, kosa lingekuwa lake: unga, mbwa, jenereta, vyote. Basi akalitupia mgongoni kwetu, akahamishiwa duka kubwa la kampuni hiyo hiyo, katikati ya mji. Siku ile hapakuwa na sucré. Tulikuwa wengi, na chupa hazikutosha.

Nilikaa nyumbani miezi kadhaa. Niliuza makaa kidogo mbele ya lango, watoto wakinisalimu kwa heshima iliyozidi. Halafu simu ikalia: meneja. Sauti yake ilikuwa ya asali.

"Maman, bapatron banarudia, banakuya huku kwetu. Bale bamasista ba huku habajue kuvuta mbele. Kuya siku moja tu, utabafundisha."

Ningekuwa na kiburi cha kutosha ningekata simu. Nilikwenda. Wanawake wa duka lile walinipokea kama mkwe, wakaniita yaya, yaani dada mkubwa, wakanionyesha katoni tupu walizokuwa wamekwisha kukusanya. Macho yao yalikuwa yanang'aa kwa matumaini, na hayo ndiyo yaliyonichoma. Nikawaambia yote: siki, mgeni, neno la uani.

"Muache rayon sawa vile iko," nikasema. "Baone njaa ya magasin."

Mmoja, mjamzito, akanijibu bila ukali: "Yaya, weye ulishatoka. Shiye tungali mu kazi. Chef akiona rayon iko vide, miye njo nitakunywa sucré."

Alikuwa na haki. Hata neno lenyewe lilikuwa limewafikia. Nikawasaidia kuvuta asubuhi nzima, na tulivuta vizuri, sijui kuifanya kazi ile vibaya. Lakini mlango ulipofunguliwa na mgeni yule yule akaonekana, nilikwenda kwenye rafu ya yule mjamzito, iliyokabiliana na mlango, nikashusha mstari wa mbele wote sakafuni, na katoni nikazigeuza, midomo yake mitupu ikitazama watu.

Meneja alifika mbio, jasho limemtoka.

"Nani alifanya hii?"

Yule mwanamke alishika tumbo lake. Mgeni alikuwa amesimama, anaitazama rafu.

"Ni miye," nikasema.

Meneja alifungua mdomo anifukuze, akakumbuka kwamba alishanifukuza. Mgeni akapita kando yake, akainama, akaingiza mkono ndani ya katoni ya kwanza.