Kilima Kilichofuka

Alton Sauer alizaliwa kwenye vilima vya Texas, na tangu apate nguvu ya kushika shoka kazi yake ilikuwa kukata mierezi na kuchonga nguzo za uzio. Kila Desemba mierezi dume hugeuka rangi ya kutu kwa wingi wa chavua, na pua ya Alton huziba mpaka Februari. Wenyewe huiita homa ya mierezi, ingawa mwili hauchemki.

Kwake yeye ilikuwa kero tu. Kwa mkewe Elida, mwenye pumu, ilikuwa mauti yanayobisha hodi. Manyunyu yakianguka, chavua hulowa na kutulia, naye Elida hutoka kulisha kuku wake na kuwasengenya majirani. Upepo mkavu ukishuka kutoka kaskazini, mierezi hufumuka, naye hujifungia ndani na kuziba chini ya milango kwa mataulo yaliyoloweshwa.

Mwaka huo manyunyu yalidumu wiki nzima. Alton akaona ndio wasaa wa kuchoma matawi, maana huko hakuna mwenye akili timamu anayechoma wakati wa ukavu. Akachoma rundo kubwa mgongoni mwa kilima, juu ya nyumba yao, akalimwagia maji, akaenda kulala. Kulipokucha upepo ulikuwa umegeuka, mkavu wa kaskazini.

Alikuwa bondeni akipakia nguzo garini alipoinua macho akakiona kilima chao kinafuka. Wingu zito lilipanda kutoka kwenye miti, likakunjuka, likapanda tena. Moto wa matawi ulishawahi kuteketeza zizi la baba yake, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu mwingine angenusa kwanza, lakini pua ya Alton majira hayo ilikuwa pambo la uso.

Akampigia Elida simu.

"Toka nje. Sasa hivi."

"Nje? We mzee, umelewa asubuhi yote hii? Husikii upepo?"

"Makaa yangu yamewaka kilimani. Acha kila kitu, shuka getini, nakuja."

"Mbona mimi sioni moto?"

"Toka, mke wangu. Nakuomba."

Katika ndoa yao yote Alton hakuwa mtu wa kuomba. Elida akaogopa, akatoka.

Aliendesha gari kama mwendawazimu. Njiani lile wingu likamfunika, akangoja joto na cheche, lakini kioo kikajaa vumbi la manjano. Akafungua dirisha, akaligusa. Lilikuwa laini kama unga. Papo hapo upepo ukaupiga mwerezi mmoja kando ya barabara, na mti mzima ukatoa moshi wa chavua mbele ya macho yake.

Ndipo hofu ya kweli ilipomshika. Moto haukuwapo, naye amemtoa mkewe ndani kwa mdomo wake mwenyewe.

Alimkuta getini amekaa chini, midomo imegeuka rangi, kifua kikipanda bila kushuka. Akamuuliza dawa ya kuvuta iko wapi. Elida alinyoosha kidole kuelekea nyumbani. Aliambiwa aache kila kitu, naye aliacha.

Akambeba, akamtia garini, akapanda naye kilima akimtaja Mungu na kujitukana kwa zamu. Dawa ilikuwa mezani, kando ya sahani ya tamale za unga wa mahindi alizobakiza. Akamshikia mdomoni, kwa kuwa mikono ya Elida haikuwa na nguvu tena. Elida akavuta mara moja, hakuna kitu. Akavuta tena. Alton alikuwa amepiga magoti, akidhani kila pumzi ndiyo ya mwisho, mpaka kifua kikaanza kushuka chenyewe.

"Moto uko wapi?" Elida aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali.

Kupitia dirisha rundo la matawi lilionekana, jeusi, limelowa, limepoa kabisa. Alton aliyalowesha mataulo upya, akaziba mlango, akakaa sakafuni akiuegemea kwa mgongo. Pua ilimwasha mno, naye akaibana kwa vidole, akiogopa kwamba akipiga chafya hatasikia kama mkewe bado anapumua.