Kipande cha Meli Kilichoenda Kuvua Samaki

Tani mia mbili za chuma zimepotea, na dereva wa mwisho kuzibeba ni mimi. Usicheke.

Sizungumzii spana. Ni kipande cha meli, kikubwa kuliko nyumba yangu. Hapa kwenye kiwanda cha meli cha Geoje kazi yangu ni kubeba vipande kama hicho kwa lori la magurudumu mengi na kuvipanga uwanjani mpaka siku ya kuungwa.

Siku ya kuungwa ikafika. Kreni inasubiri, kipande hakipo.

"Ma Deok-chul," bosi Pyo akaniita, "kisipoonekana leo, ufunguo wa lori unauweka hapa mezani."

Ufunguo huo nimeusotea miaka.

"Bosi, mimi nilikishusha nikakupigia redio. Nimeshusha vingine kibao tangu hapo, vyote kijivu, nitakumbuka kipi? Wa kuja kubofya simu ni wewe."

Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Madereva hatuaminiki, alisema, kwa hiyo wa kusimama kando ya kipande na kubofya "kipo hapa" kwenye simu, simu nayo iandike mahali iliposimama, awe yeye tu. Mchapakazi kweli kweli.

"Nilibofya," akasema. "Wewe ndiye umekihamisha kimyakimya."

Mkurugenzi Ok akaingia, mama asiye na maneno mengi.

"Hizo simu tunaziamini?"

Pyo akatanua kifua. Zamani chuma kilikuwa kinazichanganya, kipande kilichoko uwanjani kinaonekana kantini. Yeye ndiye aliyepigania mitambo mipya ya kuzisaidia simu ifungwe kwenye kila nguzo, na hakuna mtu kiwandani aliyepona kuisikia hadithi hiyo.

"Sasa hivi hazikosei hata hatua moja, mkurugenzi. Kinachokosea hapa ni dereva."

Asante, bosi.

Akafungua ramani kwenye simu yake. Kidoti cha kipande kilikuwa kwenye ncha ya ukuta wa kuzuia mawimbi, mahali ambapo hata baiskeli inapita kwa shida.

Pyo akaitikisa simu. "Labda leo imekosea kidogo."

"Umesema haikosei," mkurugenzi akajibu. "Twende."

Tulipofika kwenye kidoti tukakuta kiti cha kukunja, fimbo ya kuvulia, na ndoo.

"Ya nani hii?"

Nikamsomea mkurugenzi, kwa heshima zote. Jina liliandikwa kwenye ndoo kwa rangi ya meli: PYO.

Kumbe kila nikipiga redio, mwenzetu anabofya akiwa hapa, huku anasubiri samaki.

Kipande tulikikuta nyuma ya banda la rangi, chini ya turubai, pale pale nilipokishusha. Aliyeweka kitu mezani siku ile ni Pyo. Aliiweka simu.

Funzo ni hili: kabla hujapigania simu isiyokosea, hakikisha kwanza uko kazini.

Ufunguo ninao bado. Na ile ndoo naoshea lori.