Sebule ya Vipande 10,201

Fundi vigae amepiga magoti kwenye kona ya sebule yake mwenyewe, nyundo ya mpira mkononi, penseli sikioni. Anapachika kipande chenye ukubwa wa kifuniko cha soda, anakigonga taratibu, anachukua kingine. Mjukuu wake wa kwanza, aliyeanza kutambaa juzijuzi, analetwa keshokutwa.

"Akikuta saruji tupu atachubuka magoti," ananiambia. "Nitamtazamaje usoni, na mimi ndio fundi?"

Mtaani wanamwita Fundi Witiri. Kabla ya kutandika sakafu, huhesabu vipande kisha huiuliza namba ukoo wake. Ni shufwa, inayogawanyika kwa mbili, au ni witiri, inayobakiza moja? Au ni tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe?

"Tasa kubwa ina maringo," anacheka. "Huwezi kuipanga safu zilizo sawa hata uibembeleze vipi."

Sebule hii ni ya mabaki ya vigae, aliyoyakusanya miaka miwili kwenye viroba. Wiki iliyopita aliimaliza: safu mia za vipande mia, elfu kumi kamili. Akamwita mkewe kwa mbwembwe.

Mkewe, mshonaji, alikuja na kipande cha buluu cha kikombe walichonywea chai siku walipohamia hapa. Kilipovunjika hakuwa na moyo wa kukitupa. "Mzee, uliniahidi hiki kitakaa katikati. Haya, katikati ni wapi?"

Fundi akapima, akapima tena. Mia ni shufwa. Katikati hapakuwa na kipande, palikuwa na pembe nne zinazokutana.

"Nikanywea," anakiri. "Naitwa Witiri mji mzima, halafu kwangu natandika shufwa."

Kilichomwokoa ni nafasi aliyoiacha kwa ajili ya ukingo kwenye kuta mbili zinazokutana pembeni. Anaongeza safu moja upande huu na moja upande ule, vipande mia mbili na kimoja. Jumla inakuwa 10,201, na anaisifu namba hiyo kama anayemsifu mkwe: ni witiri; ni mraba, mia na moja mara mia na moja; na uisome kutoka kushoto au kulia, ni ileile. Mimi niliyekimbia hesabu tangu shuleni najikuta natabasamu.

Jioni anang'oa kipande cha katikati. Mkewe anachuchumaa, anapachika cha buluu kwa mkono wake. Wanacheka.

Keshokutwa yake mjukuu anawekwa sakafuni. Anaivuka sebule yote akitambaa mbio bila kutazama chini, anaingia moja kwa moja chumba cha kulala, kwenye saruji.

Fundi anachomoa penseli sikioni, anamfuata.

"Mama watoto, nishikie futi," anaita. "Na hiki nacho nitakitandika."

"Sawa," mkewe anajibu, "ila safari hii anzia katikati."