Sauti ya Kitinda

Dobi alikuwa na sauti mbili, na ile nzuri haikuwa yake. Ya kwake ilikuwa nzito na ya chini, sauti ya mtu anayetoa maneno stoo moja moja huku akiyaonea huruma. Ile nyingine ilikuwa nyepesi, ya haraka, yenye kicheko kinachofika kabla ya kichekesho. Hiyo ilikuwa ya mdogo wake, na mdogo wake alikuwa amelala makaburini, nyuma ya kituo cha mabasi, miaka mingi sasa.

Usimwite mwendawazimu mapema. Mtu mwenyewe alikuwa na akili zake timamu kama wewe. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali, kwenye mashine kubwa ya kupigia pasi. Shuka linaingia bichi upande huu, linatoka upande wa pili kavu, likiwa la moto, na kazi ya Dobi ilikuwa kulishika ncha, kulinyoosha na kulilisha kwenye mashine kabla halijajikunja. Ukizubaa kidogo linajipinda ndani, mashine nzima inasimama, na msimamizi anakuja kukuangalia kama vile umemtukania mama yake. Jina lake halisi wenyeji waliliona gumu tangu wiki ya kwanza, wakaamua kumwita Dobi, naye akaitika. Baadaye hata watu wa lugha yake pale mjini wakamwita hivyo hivyo. Mvuke na mashuka ya moto vilikuwa vimemlainisha vidole mpaka alama zikafutika, naye alikuwa akisema kwa mzaha kwamba hata akiiba polisi hawatamjua ni nani.

Nyumbani alibaki mama. Mama huyu alizaa wengi na kuzika wengi, akabaki na wa mwanzo na wa mwisho: Dobi, kifungua mimba, na mdogo wake, kitinda mimba. Aliwaita Mkubwa na Kitinda, yakamtosha. Mkubwa alipoondoka kwenda kutafuta maisha, mama alilia akanyamaza. Lakini alipoanza kumvuta na mdogo wake, mama aligoma.

"Mmoja huko kumeshammeza," alisema. "Huyu niachieni."

"Mama, huku hakumezi watu. Niachie mimi. Nitamtunza kama yai."

"Haya, nakukabidhi. Ila ujue nitamdai kwako, si kwa mtu mwingine."

Kitinda akaja. Alikuwa kijana wa maneno, anayeweza kumchekesha hata askari jela. Walikaa chumba kimoja, yeye, kaka yake na Mpishi, mtu wa lugha yao aliyekuwa akipika kwenye kantini ya kiwanda cha matofali. Alipata kibarua cha kubeba mizigo sokoni, bila karatasi. Msimu wa baridi ulipoingia akaanza kukohoa. Mpishi akasema apelekwe hospitali. Dobi akasema tungoje kwanza, hospitali wataulizia karatasi, watamkamata, watamrudisha. Akamchemshia maji, akamfunika mashuka yaliyochakaa ya kiwandani. Siku Mpishi alipochoka kubishana, alimbeba mgongoni mpaka hospitali, lakini mapafu yalikuwa yamekwisha kazi. Pale mapokezi hakuna aliyeulizia karatasi.

Walimzika wao wawili na mchimba kaburi. Dobi alilia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake mama akabipu kwenye simu ya marehemu. Mama huyu hakuwahi kupiga simu maishani. Alibipu tu, simu inalia mara moja inakata, na mtoto mwenye adabu anapiga. Dobi akapiga, ameshajiandaa kusema "Mama, kaa chini." Lakini koo lililokauka lilitoa sauti nyembamba, ya juu, na kabla hajafika popote mama akadakia.

"Kitinda! Ni wewe, mwanangu? Mungu ashukuriwe. Jana nimekuota vibaya, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

Wewe ungesema nini? Ni rahisi kujibu ungesema kweli, kwa kuwa hukuwepo. Dobi alifungua mdomo aseme hapana, na kilichotoka kilikuwa, "Ni mimi, mama." Upande wa pili mama alicheka kama mtu aliyetua mzigo, halafu akaanza kueleza habari za kuku wake.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alikusudia kumwambia wiki inayofuata. Wiki hiyo mama akapandwa na presha. Ikaja nyingine, kukawa na msiba kwa jirani, na huwezi kumpelekea mtu msiba akiwa bado yuko kwenye mwingine. Mwishowe Dobi akaitoa laini ya marehemu kwenye simu yake, akaitia kwenye simu ya kwake iliyokuwa na nafasi ya laini mbili. Jirani alikuwa amemtegeshea mama vitufe: akibonyeza moja anampata Mkubwa, akibonyeza mbili anampata Kitinda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Dobi ilikuwa ndefu kama reli, na haikuwa na kituo cha kushukia.

Aliongea akiwa stoo ya mashuka saa ya mapumziko, maana mashuka yanameza sauti. Kwa laini ya Mkubwa angeweza hata kukaa. Kwa Kitinda ilibidi asimame na atabasamu, kwa sababu sauti ile haitoki kwenye uso ulionuna. Akishasema "Mama, sikia," kama marehemu alivyokuwa akianza kila habari, ulimi ulijua njia wenyewe. Siku moja msimamizi alifungua mlango akamkuta anacheka peke yake kati ya mashuka huku machozi yanamtiririka. Akaufunga taratibu, na tangu siku hiyo akawa anawahi kumsalimia.

Shida ni kwamba Kitinda alinawiri. Alitoka sokoni akawa karani wa ghala. Alinunua koti. Aliacha sigara ambazo hakuwahi kuvuta, kwa sababu tu mama alimwomba kama anavuta aache. Kila jambo la kuchekesha lililomfika Dobi kazini alilitunza kwa ajili ya laini ya pili, na ikifika zamu ya laini ya kwanza alikuwa amekwisha, mkavu, hana la kusema ila "Hujambo, mama? Haya. Kazi tu."

Na mama akaanza kumsengenya. Kwa nani? Kwa Kitinda.

"Huyu kaka yako ana nini? Akipiga simu anaongea kama aliyetumwa."

"Mama, sikia, kaka anachoka tu. Anakupenda."

"Nani kasema hanipendi? Nimesema hana maneno. Wewe ndiye mwanangu unayenijua. Yule ameshakuwa wa huko."

Kusengenywa kunauma, lakini kusengenywa na mama yako ukiwa wewe ndiye unayesimuliwa, na huku lazima utabasamu, hayo ni mateso ambayo hayana jina. Dobi akaanza kumwonea wivu marehemu. Safari moja, kwa hasira, alimnyamazisha Kitinda wiki nzima ili mama aonje. Mama akaugua kitandani. Dobi akampigia kama Kitinda, tena kwa vichekesho mara mbili.

Safari nyingine alijisahau.

"Mama, goti vipi?" aliuliza kwa sauti yake mwenyewe.

"Goti? Nani kakwambia habari ya goti?"

"Kitinda."

"Ana mdomo huyo!" Mama akacheka sana. "Nilimwambia asikwambie wewe."

Kwa muda mrefu Dobi alikuwa na kisingizio cha kuegemea. Mama akiuliza watakuja lini, jibu lilikuwa karatasi hazijatoka, na kwa hilo angalau hakudanganya. Kisha karatasi zikatoka. Mpishi naye zake zilitoka msimu huo huo. Akaenda kwao, akarudi amenenepa, anaongea kwa lafudhi ya utotoni, anavumilika kwa shida. Dobi alibaki na ruhusa ya kwenda na kurudi popote anapotaka, na hakuwa na pa kwenda. Kule alikozaliwa, mama angesimama mlangoni amuulize mwenzako yuko wapi. Hapa alipokaa hakuwa na ndugu ila kaburi.

"Utamwambia lini?" Mpishi alimuuliza siku moja, anasugua sufuria.

"Presha yake..."

"Presha yake, presha yake! Mama yako anakula, anafuga kuku, anasengenya watu. Presha ni yako wewe. Sisi yule kijana tulimzika mara moja. Wewe unamfukua kila wiki, unamtembeza, unamrudisha. Mwambie. Atalia, atagaagaa, atainuka. Mama wa watu amezika wangapi?"

"Huyu alinikabidhi mimi."

Mpishi akaongeza sabuni. Akaendelea na sufuria yake.

Habari ya karatasi mama aliipata kwa Kitinda mwenyewe. Ilimponyoka Dobi katikati ya kicheko, kwa kuwa Kitinda hakuwahi kuwa mtu wa kuficha habari njema. Jumapili iliyofuata, mchana, Dobi yuko chumbani anakunja nguo na Mpishi anakata vitunguu, simu ikalia mara moja ikakata. Laini ya kwanza. Hilo lilikuwa jambo la nadra. Akapiga.

"Mkubwa, nisikilize," mama alisema bila hata salamu. "Mimi sasa siko mbali na shimo. Nataka mtu wa kunifumba macho. Wewe sikuiti. Wewe huko kumekupenda, kaa. Nataka unirudishie Kitinda."

"Mama..."

"Nimemwomba yeye mwenyewe, anacheka tu. Ananiambia mama, sikia, nitakuja. Hasemi lini. Najua ni wewe unayemzuia."

"Mimi?"

"Wewe. Ulimchukua kwa mdomo wako, na sasa umemkalia huko ili usiwe peke yako. Nilikukabidhi. Leo nadai."

Dobi akamtazama Mpishi. Mpishi aliweka kisu chini, akamwashiria kwa kichwa: sema.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa."

"Kitinda hayupo. Alifariki, mama. Zamani, mwaka ule ule aliokuja. Aliugua mapafu, mimi nikachelewa kumpeleka hospitali. Niliogopa. Anayekupigia siku zote ni mimi. Nisamehe, mama."

Alisubiri yowe. Halikuja. Alisikia kuku wa mama wakigombana uani, na kifuani akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu lile kaburi lilipofukiwa.

"Nimeongea naye juzi," mama alisema.

"Ni mimi uliyeongea naye."

"Wewe?" Mama alicheka, na hicho hakikuwa kicheko anachompa Kitinda. "Wewe tangu nikuzae hujawahi kunichekesha hata kwa bahati mbaya. Mwenzako kanisimulia habari ya bosi wake aliyefungiwa ghalani na paka, nimecheka mpaka goti likaacha kuuma. Hayo wewe ungeyatoa wapi?"

"Mama, ni mimi nakwambia. Ngoja usikie." Akajaribu kuitoa ile sauti. "Mama, sikia..." Lakini alikuwa analia, na mtu anayelia hawezi kutabasamu, na bila tabasamu sauti ile haitoki. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo.

"Sasa unamwigiza mdogo wako?" Mama hakuwa anacheka tena. "Hata kumwigiza huwezi. Mkubwa, una wivu. Tangu mtoto ulikuwa na wivu naye, nikajifanya sioni. Lakini kumzushia kifo ndugu yako ili tu asirudi kwangu, hili sikulitegemea kwa mtu niliyemnyonyesha."

Akakata.

Dobi alikaa kitandani na simu mkononi. Mpishi akaja akakaa karibu naye. "Umeshasema," alimwambia kwa upole. "Ya kwako umeyamaliza."

Simu ikalia mara moja, ikakata. Laini ya pili.

"Usipige," Mpishi alisema haraka. "Usipopiga ataamini. Leo atakuchukia, kesho ataamini, keshokutwa ataanza kulia. Vumilia siku hizo tu, utakuwa umetoka."

Ikalia tena, ikakata. Ikalia tena. Sasa zilikuwa zinafuatana, kama mtu anayegonga mlango na kuona moshi unatoka ndani. Dobi alimwona mama kama vile yuko mbele yake, kidole gumba kwenye kitufe cha mbili, hajala, hatakula. Alijua Mpishi anasema kweli. Alijua pia kwamba akinyamaza, atakuwa amemwacha mama yake amzike mtoto peke yake, kwa simu isiyopokelewa, bila hata mtu wa kumshika mkono. Hakuweza. Wako watakaomwita mwoga, na pengine ndivyo alivyokuwa.

Akasimama. Akajifuta uso kwa fulana aliyokuwa akiikunja, akageukia ukuta ili Mpishi asimwone, akavuta midomo pande zote mbili mpaka ikakubali. Akapiga.

"Mama, sikia," alisema, na safari hii sauti ilitoka nzima, haina hata ufa.

"Kitinda!" Mama alikuwa analia. "Kitinda, uko hai?"

"Niko hai, mama. Kwani nani kaniua tena, mbona mimi mwenyewe sijaambiwa?"

Mama akacheka na kulia kwa pamoja. "Kaka yako. Kaka yako kaniambia umekufa."

"Kachoka tu kaka. Usimjali."

"Simtaki. Sikia nikwambie, baba. Namba yake namwambia jirani aifute leo leo. Mwambie asinipigie tena, na hata nikifa asije. Nilizaa wengi, sasa nimebaki na mmoja, na mmoja huyo ni wewe. Utamwambia?"

Nyuma yake Dobi alisikia Mpishi akiinuka, akitoka nje.

"Nitamwambia, mama," alisema, akitabasamu.