Nani Anawafukuza?

Kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri nilikuwa nazungumzia filamu kwenye redio moja hapa Arua, na watu walinisikiliza mpaka Koboko. Nilipenda kuchekesha. Filamu mbaya niliifurahia kuliko nzuri, maana ilinipa la kusema.

Safari hiyo filamu aliniletea binti yangu, ndani ya flashi. Alikuwa amemaliza shule, anakaa tu nyumbani, mtaa wa Oli, na mara mbili alikuwa amejaribu kunieleza habari ya kwenda Kampala. Mara zote mbili nilimkatiza. "Baba, angalia hii mpaka mwisho," aliniambia, "halafu sema."

Ilikuwa filamu ya Kuba, iliyotengenezwa na watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Vijana watatu wa mji mdogo wanazurura juani, wanagombana, wanaota kuondoka. Wachambuzi wa nje waliisifu sana. Mwishoni msichana mmoja anafunga mkoba, anaupakata, anakaa kitandani kumngoja mama yake arudi kutoka kazini. Basi, imeisha.

Niliichana vipande. Nilisema watoto hawa wana shule, wana paa, wana mama, na bado wanataka kukimbia. "Nani anawafukuza?" nikauliza. Simu zikaanza kuingia, watu wanacheka mpaka hawawezi kusema.

Mama mmoja tu hakucheka. Alipiga kutoka kambi ya Omugo, mkimbizi wa Sudan Kusini. "Mimi nilikimbia, najua," alisema. "Kama risasi iko nyuma, hapana aga mutu. Ile msichana hapana kimbia. Yeye iko nangoja mama yake, nataka kuaga." Nikamshukuru haraka haraka, nikaweka wimbo.

Nyumbani binti yangu aliniandalia chakula bila kuniangalia. Nikamtania kwamba mchambuzi wangu wa nyumbani amenuna. Jioni yote alikaa kwenye mkeka mbele yangu, mikono mapajani, kama mgonjwa anayengoja zamu yake kwa daktari. Mimi nikasikiliza taarifa ya habari, kisha nikaenda kulala.

Jumatano nilirudi kutoka sokoni nikakuta kitanda chake kimetandikwa na mkoba wake haupo. Kesho yake uliingia ujumbe kwenye simu: "Nimefika." Hakuongeza kitu. Niliusoma mara nyingi, na nililia, sioni haya kusema.

Jumamosi iliyofuata nilijirekebisha redioni. Nilisema nilikosea neno, yule msichana hakukimbia, na filamu ni nzuri, hasa ule mwisho wake. Hakuna aliyepiga simu.

Nikiwa njiani kurudi Oli, jirani yetu anayeuza mihogo alinisimamisha. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anarudia mzaha wangu tu.

"Mzee, nasikia binti yako alikimbia. Nani alifukuza yeye?"

"Mimi," nilimjibu. Akacheka sana, akidhani bado natania.