Makucha ya Bwana Injinia

Siku ya kwanza nilipoingia kiwanda cha barafu, Changamwe, nilikwenda na makubadhi. Nyapara Kombo aliitazama miguu yangu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, hayo ni ya msikitini," akaniambia. "Barafu hii yakamata unyayo. Ukivuta mguu, ngozi yabaki."

Nilikuwa kijana wa Kisauni, mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, na barafu niliyoijua ni vile vipande vya kwenye sharbati. Hapa nilikuta mapande yenye urefu wa jeneza la mtoto, yamepangwa mpaka darini. Ninyi wa friji za majumbani hamjui yalivyotengenezwa, basi acheni nieleze. Maji matamu yalitiwa kwenye makopo marefu ya bati, na makopo yakazamishwa ndani ya tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa kwa gesi ya amonia. Chumvi iliyazuia maji ya tangi yasigande, huku ya ndani ya makopo yakiganda mpaka kiini. Kesho yake winchi inainua kopo, linachovywa kwenye maji ya vuguvugu, na pande linateleza nje. Likikutana na joto la Mombasa, linalia. Wallahi linalia, mlio mrefu mwembamba unaopita ndani yake na kupotelea upande wa pili. Miezi ya kwanza, kila lilipolia nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo.

Nilipewa ghala la vifaa. Kazi yangu ilikuwa kumchagulia kila anayeingia vyumba vya baridi buti za mpira, glovu za ngozi, koti zito, na koleo ya kuvutia mapande. Koti likiwa na tundu, lawama ni yangu. Niliipenda kazi ile, na sioni haya kusema nilijiona bwana mkubwa.

Juu ya nyapara alikuwapo Injinia Mkuu, Mzungu kutoka nchi za kaskazini kabisa, ambako ziwa zima huganda na watu wakapita juu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kisetla, kilichovunjikavunjika. Hapa nakinyoosha ili msichoke.

"Unakaa wapi?" aliniuliza siku moja.

"Ziwa la Ng'ombe, Bwana."

"Linaganda mwezi gani?"

Sikujua kama anatania. Nikamjibu, mwezi ambao ng'ombe watavaa buti. Akacheka sana, na tangu hapo tukawa marafiki, kwa kadiri Mzungu na mtunza ghala walivyoweza kuwa marafiki zama zile.

Nyumbani kwake hapa Mombasa vitu vya ngozi viliota ukungu, kwa hiyo sanduku lake la vifaa vya ziwani aliliweka kwangu. Alinitolea kimoja kimoja. Viatu vyenye vyuma virefu chini, kisigino kikiwa huru kunyanyuka, maana huko mtu huteleza kutwa nzima. Fimbo yenye ncha nzito ya kugongea barafu iliyo mbele: ikipenya, unarudi ulikotoka. Kamba yenye uzito mwishoni, ya kumrushia mwenzako. Mfuko wa nguo kavu uliofungwa vizuri, ambao ukitumbukia unakuelesha. Na mwisho, vishikio viwili vya mti, kila kimoja na ncha ya chuma, vimeunganishwa kwa uzi wa kuvaliwa shingoni. Sisi tuliviita makucha. Barafu ikivunjika, unachomeka makucha ukingoni na kujivuta utoke. Mikono mitupu huteleza.

"Kwetu anayekwenda ziwani hajichagulii vifaa," alisema. "Anayependa kuteleza huchagua vyepesi. Mtu mwoga ndiye humchagulia. Wewe unaogopa barafu?"

"Sana, Bwana."

"Basi utanichagulia wewe."

Akanifunza kama mwalimu wa chuoni. Alinielezea barafu ilivyo, nami nikachagua vifaa. Alinifundisha kusikiliza pia: barafu nyembamba hulia kwa sauti ya juu, nene kwa sauti ya chini, na ile iliyooza hunyamaza. "Iliyonyamaza usiikanyage," alisema. Saa za chakula alimwaga maji sakafuni katika chumba cha pili, kilichokuwa nusu tupu, yakishaganda akavaa vyuma vyake na kuzunguka peke yake mlango ukiwa umefungwa. Sisi nje tulikula mihogo tukisikia krrr, krrr, krrr. Kombo alisema jua limempiga.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka mmoja, meli zikiwa nyingi na kila bucha likitaka barafu, koleo zetu zilikatika na mpya zikachelewa. Kombo akaja ghalani.

"Bakari, nipe yale makucha ya Mzungu. Siku mbili tu."

"Si ya kazi hayo."

"Ana habari gani? Ziwa lake liko wapi?"

Nikampa. Yalivuta mapande siku tatu. Yaliporudi, ncha zilikuwa butu, moja imepinda. Nikainyoosha kwa nyundo, nikapiga tupa mpaka zikang'aa, lakini zilikuwa zimebaki fupi, nusu ya zilivyokuwa. Nikayarudisha sandukuni. Niliogopa kazi, na zaidi niliogopa kuonekana si mwoga wa kutosha.

Mwisho wa mwaka ule Bwana Injinia alikwenda likizo kwao na mkewe. Alikuja ghalani akasimama mbele ya meza yangu.

"Barafu nyeusi, mpya na angavu, baridi ya siku nne, upepo hakuna. Nichagulie."

Nikamwekea kila kitu, na makucha juu yake. Hakuyakagua, kwa kuwa aliniamini. Hapo ndipo ningesema. Nje Meneja, ambaye angempeleka bandarini, akapiga honi. Bwana Injinia akanipa mkono, akaenda.

Ilikuwa asubuhi moja baada ya mwaka mpya. Mimi na Kombo tulikuwa tunahesabu buti tuliposikia krrr, krrr kutoka chumba cha pili. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kiunoni kwangu. Nilifungua. Hapakuwa na mtu. Juu ya theluji nyembamba ya sakafuni palikuwa na mistari miwili mirefu, iliyopinda kidogo, ikitoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na haikurudi. Kombo alirudi kinyumenyume mpaka juani, akakaa chini. Mimi nilisimama nikisikiliza. Mapande yote ya chumba kile yalikuwa kimya.

Siku ya nne Meneja alituita uwanjani na simu ya maandishi mkononi. "Injinia Mkuu amezama ziwani kwao," akasema. Akanigeukia mimi. "Vifaa vyake vilikuwa sawa?"

"Sawa, Bwana."

Mkewe alirudi mwaka wa Uhuru kuchukua vitu vilivyobaki, wakati mafundi cherehani wa Changamwe walikuwa wanashona bendera. Alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alikaa kwenye kiti changu cha ghalani, akafungua mkoba, akaweka makucha mezani.

"Asubuhi ile alichukua vyote ulivyomchagulia, ila haya," alisema. "Aliyajaribu kwa kidole gumba, akasema hayafai, kesho angenunua mengine mjini. Nikamwambia angoje hiyo kesho. Akasema barafu nzuri namna ile haikai siku mbili."

Nikafunga daftari la ghala.

"Waliomtoa walisema ukingo wa barafu ulikuwa umekwaruzwa kwa kucha za vidole vyake." Akayageuza makucha. "Wewe ndiye uliyeyatunza. Kitu gani kiliyafanya mafupi hivi?"

"Kutu, Memsahib," nikasema. "Hewa ya bahari."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Nilidhani hivyo." Akanishukuru kwa kumtunzia mumewe vifaa vyake miaka yote ile, akaniachia makucha yawe ukumbusho.

Nilifanya kazi pale mpaka nikastaafu, chini ya mameneja wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia kosa. Wajukuu huniuliza siri. Huwaambia: ukimkabidhi mtu kifaa cha kumwokoa, mwambie na yaliyokipata. Hawajui nayatoa wapi maneno haya. Leo mnajua ninyi.

Makucha yanakaa dirishani kwangu hapa Kisauni. Hewa ya chumvi imekula bawaba za dirisha hilo mara tatu, imekula baiskeli, imekula kitasa cha mlango. Makucha sijayapaka mafuta hata siku moja. Nimeyaacha yanyeshewe masika yote kwa makusudi. Hayana hata doa. Kila nikitoka kuswali alfajiri naenda kuyatazama, nikimwomba Mungu nikute kutu japo kidogo.